Kumtafuta Daktari wa Uzazi Kabla ya Siku ya Haja



Mama mjamzito anapotaka kumjua daktari mzuri wa uzazi, huuliza jirani, wifi au mama mkwe. Ushauri huo una thamani yake, kwani sifa za tabibu huenezwa na aliowatibu. Lakini sifa si leseni, wala hazimwambii mama atakimbilia wapi damu ikianza kumtoka saa nane za usiku. Ndiyo maana tunawasihi mfanye uchunguzi wenu mapema, tangu hudhurio la kwanza la kliniki, ambalo hufaa liwe kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito.

Kwanza, thibitisheni usajili. Hapa Kenya kila daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Katika tovuti ya Baraza tazameni mambo matatu: jina, leseni ya mwaka huu, na ubingwa. Si kila avaaye koti jeupe ni daktari, wala si kila daktari ni bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Hospitali nayo sharti iwe na leseni yake.

Pili, jiulizeni kama mnamhitaji bingwa. Mimba isiyo na matatizo huweza kuhudumiwa vyema na mkunga wa kituo cha afya. Bali mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye shinikizo la damu, kisukari au mimba ya pacha, anafaa kuonwa na bingwa. Ni vivyo hivyo kwa mwanamke mwenye hedhi nzito kupita kiasi au uvimbe katika kizazi.

Tatu, pimeni ukaribu kwa usiku, si kwa mchana. Kliniki ya mtaa wa pili haimfai mzazi ikiwa hufungwa jioni. Muulizeni daktari: huzalisha katika hospitali gani? Asipokuwapo, nani hushika zamu? Je, usiku kuna chumba cha upasuaji kilicho tayari, mtaalamu wa nusukaputi na damu ya akiba? Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi, nako hakungoji kupambazuke.

Nne, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi: kwa uzazi wa kawaida, kwa upasuaji, na kwa mtoto akihitaji kulazwa. Ulizeni pia bima ya SHA hulipa kiasi gani katika hospitali hiyo, kwani salio mtadaiwa ninyi.

Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu huduma, na ibara ya 43 yasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Daktari anayekasirishwa na maswali ya staha amekwisha kuwajibu.

Hifadhini risiti na kijitabu cha kliniki. Mkitendewa isivyostahili, pelekeni malalamiko kwa Baraza. Na anayengoja kujifungua mwezi huu, aanze kuuliza leo.