Maneno ya Uwanjani: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Gatwekera



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya watoto wetu na maneno wasemayo katika viwanja vya shule. Twajua wako watakaouliza, je, mkutano mkuu umekosa mambo ya maana hata tuketi hapa tukizungumza dhihaka za watoto? Maji ni shida, kodi za nyumba zapanda, na michango ya mazishi haijalipwa na wengi walioketi mbele yetu. Hayo yote yana kurasa zake katika kitabu hiki. Lakini mwaka huu mtoto mmoja wa Gatwekera aliacha kwenda shule kwa muda wa majuma sita, na tulipofuata sababu yake tulikuta njia inarudi mpaka kwenye meza yetu wenyewe. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie.

Mtoto mwenyewe hatutamtaja, wala shule yake. Yatosha kusema kwamba yu katika darasa la tano, na mama yake ni mjane auzaye mboga. Mwezi wa Machi chama kilimlipia mama huyo kodi ya miezi miwili, na mtoto akanunuliwa sare. Lilikuwa jambo jema, nasi tulijivunia. Kama ilivyo desturi yetu, jina la mama lilisomwa kwa sauti mkutanoni pamoja na kiasi cha fedha, ili wanachama wajue fedha zao zilikokwenda. Hazikupita siku nyingi, watoto wakawa wanamwita msichana yule "Michango". Akisimama darasani kujibu swali, mmoja hunyosha kofia kama mtu akusanyaye senti. Wakamzunguka uwanjani wakigawana sare yake: kola hii ni ya baba, mkono huu ni wa mjomba, vifungo ni vya jirani. Kisha dhihaka ikazaa uvumi. Ikasemwa kwamba mama yake amesaidiwa kwa kuwa ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Tena atakayekaa naye dawati moja ataupata. Dawati likabaki na mtu mmoja.

Tulikwenda kwa mwalimu wake, naye hakuwa na habari, kwa maana maneno ya namna hiyo hunyamaza mwalimu atokeapo. Tukawauliza watoto kwa upole. Mvulana mmoja akajibu bila hofu yo yote: "Baba alisema nyumbani." Baba huyo ni mwanachama mwenzetu, na yu hapa leo. Hatumlaumu peke yake. Sote twajua nyumba zetu: chumba cha futi 10 kwa 10, mzazi yu kitandani, mtoto yu sakafuni, na kati ya jirani na jirani ni udongo au bati moja. Mtu akisema na mkewe usiku amesema na ploti nzima. Nasi tulikuwa tumekwisha kulisema jina lile mbele ya watu wote, na kuliandika katika kumbukumbu za mkutano.

Watu wazima hupenda kudhani kwamba uvumi ni ugonjwa wa watoto. Sivyo. Wazee wengi hapa walisimuliwa na baba zao habari za mumiani katika Nairobi ya wakati wa ukoloni, jinsi watu wenye akili zao walivyoamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Mtaalamu mmoja wa historia, Luise White, alikusanya masimulizi hayo na kutoa kitabu mwaka 2000, na walioyasimulia walikuwa watu wazima. Wala hatujasahau mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, reli ilipong'olewa hapa Kibera na majirani wakahamana usiku. Watoto waliporudi shuleni walikuwa na majina ya kutukana makabila ya wenzao. Hawakuyatunga wao. Waliyaokota majumbani, kama walivyookota neno "Michango".

Wako wazee waliotuambia kwamba dhihaka humkomaza mtoto, na kwamba wao walitaniwa wakakua. Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi hatutaki kulipuuza. Lakini utani tunaoufahamu una sheria zake. Kule Tanzania mtani hukucheka hata msibani, lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika kazi za mazishi, nawe kesho una haki ya kumrudishia. Na kwa Wajaluo ilikuwako siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo watoto walikusanyika usiku kwa hadithi na vitendawili. Wakichekana, bibi yupo. Msichana wetu hakuwa na la kurudisha. Angesema nini? Kwamba baba yake hakufa? Na bibi wa uwanja wa shule hayupo.

Juu ya ule ugonjwa, yafaa tukumbushane. Makao ya watoto ya Nyumbani, huko Karen, yalilazimika kwenda mahakamani Nairobi kwa sababu watoto wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wakinyimwa nafasi katika shule za serikali, na mwanzoni mwa mwaka 2004 ndipo wakakubaliwa. Dawati haliambukizi. Hatujui afya ya mama yule, wala si kazi yetu kuijua. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kupigwa au kuteswa moyo shuleni. Na mtoto aliyezidiwa, au mzazi wake, aweza kupiga simu nambari 116 bila malipo. Tumeiomba halmashauri ibandike nambari hiyo mlangoni mwa ofisi.

Mtoto amerudi shuleni. Hatukumrudisha sisi. Akina mama wawili wa halmashauri walimtembelea mara nne, naye aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaomba wasije shuleni kwake kamwe, maana wakionekana itakuwa michango tena. Aliyemrudisha ni rafiki yake mmoja, aliyehamisha vitabu vyake akaketi naye, na mama wa rafiki huyo hakumzuia. Jina bado wanamwita, ingawa si wote.

Sasa tuje kwenye hoja. Halmashauri yapendekeza kwamba tangu leo majina ya wanaosaidiwa yasisomwe mkutanoni wala kupigwa chapa. Tulipolizungumza jambo hili mara ya kwanza, mweka hazina alipinga kwa nguvu, na twamheshimu kwa hilo. Alisema: majina yakifichwa, fedha nazo zitafichwa. Ni kweli. Vyama vingi vimeliwa na viongozi wao gizani, na desturi ya kusoma majina ilianzishwa na wazee wetu ili kuzuia wizi, si kumwaibisha mtu. Basi twapendekeza wanachama watatu wasio wa halmashauri wachaguliwe hapa hapa ukumbini. Hao wataona daftari lenye majina na hati za malipo kila miezi mitatu, watakwenda wenyewe kwa waliosaidiwa kuhakikisha kwamba fedha zilifika, kisha watatuambia jambo moja tu: hesabu ni sawa, au si sawa. Mmoja wao awe mama. Atakayetoa jina nje ataondolewa katika kazi hiyo.

Mkifungua ukurasa wa misaada katika kitabu hiki mtakuta tarakimu peke yake, na safu ya majina imeachwa wazi. Haikusahauliwa na mpiga chapa. Tumeiacha hivyo tukingojea kura yenu, na mwenye swali na aulize sasa, kabla Katibu hajaanza kuhesabu mikono.