Tusingoje Matanga

(Hotuba fupi iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi)



Nimeombwa niseme machache juu ya filamu zinazohifadhi maisha ya watu mashuhuri. Nitatoa mfano wa hapa hapa kwetu.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Sauti yake imebaki katika santuri hizo, na habari zake zimebaki katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Kumbukeni kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Hakungoja kamera; alishika kalamu.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyeimba nyimbo za Siti hadi uzeeni, alipata bahati ya kamera. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake. Humo tunamwona akiimba, akipiga ngoma na akivuta sigara. Hakugeuzwa malaika, na kwa hiyo tunamsadiki.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2012, Bi Kidude akiwa mkongwe sana na mgonjwa, zilienea habari kwamba ametekwa nyara, na jamaa yake akasema anamtunza tu. Mtengenezaji yule yule alirudi na kamera, na filamu ya pili ikatoka mwaka 2016. Bi Kidude mwenyewe alikuwa amefariki tarehe 17 Aprili 2013. Hapo pana swali zito: mzee anapochoka, nani ana haki ya kumwonyesha, na nani anafaidika? Anayeshika kamera lazima ajiulize hayo kabla hajaiwasha.

Mimi kazi yangu ni mafaili. Faili la mtumishi lina tarehe ya kuajiriwa, cheo na likizo. Halisemi mtu huyo alichekaje, wala alisimama na nani siku ya shida. Ndiyo maana hotuba zetu za mazishi hufanana: tunasoma faili.

Wadogo zangu, leo simu moja ya mkononi inatosha kupiga filamu. Anzeni na wazee wa karibu: mwalimu mstaafu, fundi, mpishi, mwimbaji wa kijijini. Ombeni ruhusa kwanza. Andikeni jina, mahali na tarehe. Msiwakatize wanaposema, wala msiwapambe. Mkimaliza, waonyesheni wenyewe kabla ya wengine.

Nasi wahitimu tuchange, ili maktaba ya shule iwe na mahali pa kuhifadhi kazi hizo. Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi mweka hazina, naye bado ana nafasi katika daftari lake.