Kiboko wa mwembe hakauki kwa miezi 3
Neno lililotolewa Baraka mbele ya wamemba na wafadhili

Nimeombwa niseme juu ya wachongaji wetu, wale wanaochonga wanyama wa ziwa na wa pori. Nitasema pia juu ya makuta, kwa sababu bila hayo tutapongezana tu na kurudi nyumbani.

Kiboko mnamjua ninyi kuliko mimi. Mvuvi anayeenda kutoa nyavu alfajiri haoni mwili wake. Anaona masikio, macho na pua, vyote karibu mstari mmoja juu ya maji, na hapo anageuza mtumbwi mbio. Baba mmoja wa hapa kwetu, aliyekuwa mvuvi kabla ya kukimbilia Tanzania, anamchonga hivyo hivyo: kichwa kinatoka kidogo, na mti uliobaki anaulaza sawa kama maji yaliyotulia. Ukikishika kipande kile unaogopa kidogo. Sasa linganisha na kiboko wa sokoni, kinywa wazi kama sanduku, amenakiliwa kwenye picha ya simu. Huyo anapatikana kila mji, na bei yake inashuka kila mwaka.

Gorila vilevile. Wale wa Itombwe ni wa aina inayoishi mashariki ya Kongo peke yake, hakuna nchi nyingine yenye nayo. Sanamu nyingi zinamwonyesha anapiga kifua kwa ngumi, kama boksa. Wazee walioishi kule juu wanacheka. Gorila anapiga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, ndiyo maana sauti inafika mbali. Na akitembea anakanyagia vifundo vya vidole vya mikono, halazi kiganja chini. Mtu aliyemwona hakosei hapo. Ninawaambia wafadhili: ujuzi huo ndio mali ya watu hawa. Hakuna mafunzo ya wiki moja yatakayowapa, wanao tayari.

Bon, tuje kwenye mti.

Wengine walishika patasi mara ya kwanza kambini Nyarugusu, na wanatamani mpingo kama wa Wamakonde. Mpingo unachukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Hatuna. Na kupanda Itombwe kukata miti migumu, wakati kule ni hifadhi tangu 2006, ni kubomoa nyumba ya gorila ili tuuze picha yake. Mimi siwezi kuutetea mradi wa namna hiyo mbele ya mtu yeyote.

Tulicho nacho ni mwembe. Mwembe mzee usiozaa tena huishia kwa wachoma makala. Tukiununua kabla yao tuna gogo zuri, linalochongeka vizuri. Lakini mwembe mbichi umejaa maji. Ukiuchonga leo na kuuweka juani, nje inakauka na kunywea, ndani bado, na hapo unapasuka. Mpasuko mara nyingi unaanzia kwenye moyo wa mti. Kwa hiyo wachongaji wetu wanapasua gogo katikati, wanatoa moyo, wanapaka nta au rangi kwenye ncha mbili ili maji yasitoke haraka kupitia hapo, halafu wanapanga vipande kivulini, juu ya vijiti, upepo upite. Wadudu pia wanaupenda mwembe, lazima ukaguliwe mara kwa mara. Kipande kinene kinadai miezi mingi, mara nyingine kupita mwaka.

Na mradi ni wa miezi 3!

Tumeshaona matokeo yake. Shirika moja lilitaka picha za sanamu kabla ya ripoti yake. Mama mmoja akachonga gorila kwenye mti mbichi, kazi nzuri kabisa, akatuma Bukavu. Ikapasuka kutoka kichwani mpaka kifuani, mnunuzi akairudisha. Nauli ya kwenda na kurudi aliilipa yeye. Shirika lilishapata picha yake.

Kwa hiyo ombi la komite ni hili. Makuta ya kwanza yanunue magogo, yalipe wapasuaji, yajenge kibanda chenye bati na kuta wazi. Mashine za umeme zingoje, kwani patasi, tezo na msasa vinatosha kwa sasa. Makuta ya pili yaje mti ukikauka, hata kama ni mwaka ujao na ripoti yenu imeshafungwa. Hapo katikati wachongaji watatengeneza miko na vijiko, vitu vyembamba vinavyokauka upesi, na mwenye shida atakopa kwenye kasha letu kama memba mwingine yeyote. Wamama wa kasha wameniuliza nani atalipa kama mti ukiliwa na wadudu. Ni swali la haki. Komite inapendekeza hasara hiyo ibebwe na mradi, si na mchongaji, na tungependa wafadhili watujibu leo kabla hawajapanda gari.

Magogo 4 ya kwanza yako nyuma ya ofisi. Mkitoka, mpite muyaguse. Lile la mwisho bado lina maji.