MAZUNGUMZO KWA WAFANYAKAZI WA SERIKALI NA WANANCHI: TIMU YA TAIFA YA WASICHANA WENYE UMRI CHINI YA MIAKA 17 NA CHETI CHA KUZALIWA





Tarehe 5 Juni 2022, katika Uwanja wa Amaan, timu ya taifa ya Tanzania ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, ijulikanayo kwa jina la Serengeti Girls, iliifunga Cameroon bao 1-0. Ulikuwa mchezo wa marudiano. Ule wa kwanza ulichezwa Yaoundé, nako wasichana hao walishinda mabao 4-1 mbele ya wenyeji wao. Kwa jumla ya mabao 5-1 Tanzania ikajipatia nafasi ya kwenda India kushiriki fainali za Kombe la Dunia za umri huo. Hapana timu nyengine ya mpira wa miguu ya Tanzania, ya wakubwa wala ya vijana, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kabla ya siku hiyo kufuzu fainali zozote za Kombe la Dunia zinazoandaliwa na FIFA. Jambo hilo lilikamilika hapa Unguja, na ni haki ya wakaazi wa visiwa hivi kulikumbuka.

Katika India, mwezi wa Oktoba 2022, zilikusanyika timu 16. Afrika iliwakilishwa na Morocco, Nigeria na Tanzania. Kundi walilopangiwa wasichana hao halikuwa la kuonewa wivu: Japani, Ufaransa na Kanada. Japani ilikwisha kutwaa kombe hilo mwaka 2014, na Ufaransa mwaka 2012. Mchezo wa kwanza, Japani iliwafunga mabao 4-0, na wapo waliosema kwamba safari yote ilikuwa ya matembezi tu.

Siku chache baadaye wasichana hao walikutana na Ufaransa. Wakatangulia kwa mabao mawili, la pili likipatikana kwa mkwaju wa penalti, na ingawa Wafaransa walirudisha moja, mchezo ulimalizika kwa ushindi wa Tanzania wa mabao 2-1. Mabingwa wa zamani wamefungwa na timu iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Ukaja mchezo wa tatu na Kanada. Hesabu ilikuwa wazi: Tanzania ina pointi tatu, Kanada ina moja, na Kanada ikishinda itaipita Tanzania. Matokeo yalikuwa sare ya bao 1-1. Kwa pointi nne Serengeti Girls ilishika nafasi ya pili nyuma ya Japani, na Ufaransa na Kanada zikafunga virago. Katika robo fainali walitolewa na Colombia kwa mabao 3-0, nayo Colombia ikaendelea hadi fainali ilikofungwa na Hispania bao 1-0. Kocha Bakari Shime na vijana wake walirejea nyumbani wakiwa miongoni mwa timu nane bora za dunia.

Ieleweke kwamba kumbukumbu hii haikuandikwa kwa sifa tupu. Katika michezo minne ya India timu ilifunga mabao matatu na kufungwa tisa. Aidha, fainali zilizofuata, zilizochezwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2024, Tanzania haikuwamo. Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Zambia na jirani zetu wa Kenya, waliokuwa wakifika fainali za Kombe la Dunia kwa mara yao ya kwanza. Mwaka 2025 huko Morocco nafasi za Afrika zilikuwa tano, na zote zilichukuliwa na wengine. Kufika mara moja si sawa na kuzoea kufika.

Ndugu wananchi, timu ya umri chini ya miaka 17 ina tabia isiyokuwamo katika timu ya wakubwa. Kila baada ya muda mfupi huvunjika yenyewe. Msichana aliyeng'ara India hana ruhusa tena ya kuichezea, hata angekuwa bora kuliko wote. Kwa hivyo anayehitajika daima ni msichana ambaye bado hajajulikana, aliye darasani hivi sasa, na ambaye kuchaguliwa kwake kunategemea mambo mawili: miguu yake na karatasi yake. Miguu ni kazi ya makocha. Karatasi ni kazi ya wengi waliomo katika hadhara hii, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Timu ya wavulana ya umri huo, Serengeti Boys, imeonja uchungu na utamu wa jambo hili. Tanzania ilifuzu fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Gambia mwaka 2005, kisha ikaondolewa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha vijana, pamoja na wale waliokuwa na umri halali, kilibaki nyumbani. Miaka kumi na zaidi ikapita. Mwaka 2016 Serengeti Boys waliifunga Congo-Brazzaville mabao 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa bao 1-0 Brazzaville, wakatolewa kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Safari hii rufaa ilikwenda upande wa pili: Congo iliondolewa kwa suala la umri wa mchezaji wake, na Tanzania ikaenda Gabon mwaka 2017. Huko ilitoka suluhu na Mali, walioishia kuwa mabingwa, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa na Niger 1-0. Tanzania na Niger zikalingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao. Niger ikapita kwa kuwa ndiyo iliyoshinda zilipokutana. Mwaka 2019, Tanzania ilipokuwa mwenyeji wa fainali hizo Dar es Salaam, vijana walipoteza michezo yote mitatu, ukiwamo ule wa Nigeria uliokwisha kwa mabao 5-4 na ambao waliouona hawatausahau upesi.

Kwa wavulana, FIFA ilianza mwaka 2009 kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono. Mfupa wa mkono una sehemu ya kukulia, ambayo kwa mvulana ni nadra kuungana kabisa kabla ya kutimia miaka 17. Ikionekana imeungana, shaka huingia. Lakini mashine haisemi tarehe ya kuzaliwa. Inayosema tarehe ni hati, na hati yenye nguvu ni ile iliyoandikwa mapema, mtoto angali mchanga, kabla hapajakuwa na sababu yoyote ya kuongeza wala kupunguza mwaka.

Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Nam. 3 ya mwaka 2018, ndio wenye dhamana ya kazi hiyo. Hata hivyo Wakala huandika kile unacholetewa. Mzazi anayengoja mpaka mtoto aandikishwe skuli, au mpaka ahitaji pasipoti, humlazimisha ofisa kutegemea kumbukumbu za watu, nazo kumbukumbu za watu hufungamana na mvua ya masika fulani au harusi ya jirani. Na ofisa anayekubali kubadilisha mwaka kwa ombi la ndugu au rafiki asidhani kwamba amemsaidia kijana. Yaliyotokea mwaka 2005 yanatosha kuwa ushahidi.

Jambo jengine ni la walimu wakuu na wazee. Lipo neno linalosemwa vibarazani kwamba mpira haumfai mtoto wa kike wa Kiislamu kwa sababu ya mavazi. Wazee wenye wasiwasi huo wasibezwe. Wana haki ya kuuliza. Jawabu ni kwamba tangu mwaka 2014 kanuni za mchezo zinaruhusu mchezaji kufunika kichwa uwanjani, na msichana anaweza kucheza kwa suruali ndefu ya kubana chini ya bukta na mikono iliyofunikwa. Wala mchezo huu si mgeni hapa kwa wanawake. Timu ya Women Fighters ya Unguja imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ilitengenezewa filamu iliyoonyeshwa nchi za nje, wakati ambapo wengi wa nyumbani walikuwa hawajawahi kwenda kuitazama ikicheza.

Uwanja wa Amaan, ambao siku ile ya Juni 2022 ulikuwa bado katika umbo lake la zamani, ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Disemba 2023. Nyasi zipo, taa zipo.

FIFA imekwisha kuamua kwamba kuanzia 2025 hadi 2029 fainali za Kombe la Dunia za wasichana hawa zifanyike kila mwaka nchini Morocco, na idadi ya timu imeongezwa kutoka 16 hadi 24. Watakaoruhusiwa kucheza mwaka 2029 ni waliozaliwa tarehe 1 Januari 2012 au baada yake. Wasichana hao wamo maskulini Wete, Mkoani, Makunduchi, Nungwi na hapa mjini. Walimu wakuu wanaombwa waangalie madaftari yao ya uandikishaji, wawajue wasiokuwa na cheti cha kuzaliwa, na majina yao wayafikishe kwa masheha wa shehia zao ili wazazi waelekezwe katika ofisi za Wakala za wilaya.