Kujinyima na Kunyimwa: Familia Nyuma ya Mtoto wa Barafu



Katika lugha yetu kuteleza ni ajali. Mtu huteleza bafuni, huteleza kwenye tope la masika, nasi tukitaka kumfariji tunamwambia kuteleza si kuanguka. Jioni hii nazungumzia watu waliouza nyumba ili mtoto wao ateleze.

Nianze na Dan Kerrigan wa Stoneham, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Binti yake Nancy alipoonekana ana kipaji cha kucheza juu ya barafu, mshahara wa fundi haukufua dafu mbele ya ada za makocha. Akakopa. Akaongeza kazi juu ya kazi. Kuna wakati aliendesha mashine ya kusawazisha barafu kwenye uwanja wa pale kwao, na ujira wake ukawa ni mafunzo ya binti.

Mashine hiyo tuitazame kidogo. Aliyeibuni ni Frank Zamboni, huko California, mwaka 1949, na mpaka leo Wamarekani wanaiita kwa jina lake. Ni gari zito la mwendo wa pole. Chini yake pana kisu kipana kinachokwangua barafu iliyochanwachanwa na vyuma vya viatu, na kwa nyuma hushuka maji, aghalabu ya moto. Ndiyo, ya moto: huyeyusha kidogo uso wa barafu ya zamani, yakashikana nayo, kisha vyote vikaganda pamoja vikawa kama kioo. Dereva huzunguka uwanja mpaka aumalize, anashuka, na dakika chache baadaye watoto wamekwisha kuichana kazi yake yote. Baba aliyelipa ada kwa kazi ya namna hiyo, sisi wa vitabuni hatuna la kumfundisha kuhusu malezi.

Mke wa Dan, Brenda, alikuwa na uoni hafifu mno. Nancy alipata shaba kwenye Olimpiki ya Albertville mwaka 1992 na fedha kwenye ile ya Lillehammer mwaka 1994, lakini mama yake, ili amwone akicheza, ilibidi asogeze uso hadi karibu kugusa kioo cha televisheni.

Kwa nini mchezo huu unakula fedha kiasi hiki? Barafu ya ndani ya jengo ni umeme. Mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu hupozwa usiku na mchana, na gharama hiyo humwangukia anayekodi uwanja kwa saa. Saa nzuri za jioni huchukuliwa na timu za hoki na watu wa kawaida, hivyo mtoto mwenye ndoto hubakiwa na alfajiri. Mzazi anaamka kabla ya majogoo kumpeleka. Viatu navyo: mchezaji akishafika mbali, buti hununuliwa peke yake na chuma chake peke yake, na mguu wa mtoto haungoji mtu alipe deni la jozi iliyopita. Walter Gretzky, fundi wa simu wa Brantford, Kanada, alibahatika na baridi: alimwaga maji uani, yakaganda, na mwanawe Wayne akajifunzia hoki hapo. California haina bahati hiyo.

Huko California waliishi Danny na Estella Kwan. Baba alifanya kazi kampuni ya simu, mama katika mgahawa wa familia. Waliuza nyumba yao wakahamia kwenye nyumba ya wazazi wa Danny, na mabinti zao, Karen na Michelle, wakatelezea viatu vya mitumba. Familia ya Lipinski nayo iligawanyika: mama, Pat, alihama na binti yao mchezaji, Tara, kwenda Delaware, kisha Michigan, kuwafuata makocha, baba, Jack, akabaki Texas akifanya kazi ya kulipia yote hayo.

Tarehe 20 Februari 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, nyumba hizi mbili zilikutana kwenye barafu moja. Waamuzi walikuwa 9. Waamuzi 6 walimweka Tara wa kwanza. Alikuwa na miaka 15, akachukua dhahabu. Michelle, mwenye miaka 17, akachukua fedha. Michelle alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 5, ila dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe. Anayetaka kupima kujinyima kwa rangi ya medali, aende akawaeleze Danny na Estella kwamba wao walijinyima pungufu.

Hapa ndipo neno letu linaponisumbua. Tunasema wazazi wamejinyima. Kile kiambishi -ji- kinatutuliza, kwa sababu kinasema aliyenyima na aliyenyimwa ni mtu mmoja. Dan Kerrigan alijinyima kweli. Usingizi ulikuwa wake. Lakini nyumba haina mwenyewe mmoja. Mzazi akijinyima nyumba, watoto wengine wamenyimwa, na hawakuwa kwenye kikao. Nasema hivi bila kumlaumu mzazi yeyote. Nalaumu simulizi zetu, ambazo humweka mama jukwaani, baba pembeni yake, na ndugu hawaonekani. Hata Nairobi, ambako pana uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari tangu mwaka 2005 na timu ya hoki ya Ice Lions, mwandishi akija humtafuta mchezaji na mzazi wake, basi.

Karen Kwan naye alikuwa mchezaji hodari, akafika mashindano ya kitaifa ya Marekani, ila wengi humtaja kama dada wa Michelle. Na yupo kaka yao, Ron. Yeye ndiye aliyetangulia barafuni, kwa hoki. Dada zake walimfuata. Nyumba ilipouzwa, naye alihama.