Trekta na Matope ya Kinanie



Katika nchi za baridi, kama Kanada, trekta hufungwa bamba la chuma la kusukumia theluji, kisha mchanga humwagwa barabarani ili magurudumu yasiteleze. Kinanie hatuna theluji, lakini tunao udongo mweusi. Ukinyeshewa huvimba na kunata, na mgonjwa anayepelekwa hospitali hukwama pamoja na dereva wake.

Basi trekta na litayarishwe kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Oktoba. Bamba hufungwa nyuma, katika mikono mitatu ya kuinulia. Likiinuliwa, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii. Kwa hiyo tundikeni vyuma vya uzito mbele. Geuzeni bamba mshazari, upande mmoja ushuke kidogo, mvute udongo kutoka kandoni kuja katikati, hata barabara iwe na mgongo na maji yashukie mitaroni. Udongo uwe na unyevu kidogo tu. Aingizaye trekta katika tope huchimba handaki.

Ndipo changarawe imwagwe na kushindiliwa, unene wa sentimita 15. Mchanga mtupu haufai, tope huumeza. Wako wanaonunua malori ya changarawe na kuuacha mtaro umeziba. Fedha zao huzama pia. Mwenye shilingi chache na aanze na mtaro, kwa jembe, trekta lingoje.

Tena, dereva asikubali kamwe watoto wakalie bamba ili kuliongezea uzito. Jiwe latosha.