Ganzi ya Mkono: Nilichojifunza Nikitafuta Matibabu

(Maneno ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye semina ya wahamasishaji wa afya wa sharika)



Nimeombwa niseme juu ya mkono wangu wa kulia. Wengi mliniona nikiandika kwa kushoto, na nasikia wengine mlidhani ni kiharusi. Si kiharusi.

Mwaka 2019, tukitoka kutembelea vikundi vya kuweka na kukopa, gari letu liligongwa kwa nyuma. Shingo iliuma kama wiki mbili, ikapoa, nikasahau. Miezi michache baadaye kidole cha pete na cha mwisho vikaanza kufa ganzi. Nikianika nguo, mkono unakuwa mzito kama si wangu. Nikimsuka binti yangu, mstari wa pili hauishi kabla sijashusha mikono. Siku moja kikombe cha chai kilinitoka katikati ya kikao cha bajeti. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini nyumbani nililia.

Nilizunguka miaka miwili. Mahali pamoja nilipewa dawa za maumivu, pengine nikafungwa bandeji kwenye kifundo cha mkono. Mahali pa tatu eksirei ya shingo ilitoka safi, nikaambiwa ni mawazo tu. Jirani akasema nimetupiwa kitu. Niliombewa pia, na nawashukuru walioniombea. Lakini neno lililoniumiza kuliko yote ni hilo la "mawazo", maana sikuwa na kidonda wala uvimbe wa kumwonyesha mtu.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia. Aliniuliza, "Mama, unaumia ukiwa unafanya nini?" Halafu akanitaka niinue mikono kama mtu aliyeambiwa "mikono juu", nifumbe na kufumbua viganja kwa dakika 3. Sikumaliza hata dakika moja. (Msiende kuwapima majirani kwa zoezi hili; hata mwenye afya huchoka.) Alinirudisha kwa daktari, nikapimwa tena shingo na neva za mkono ili kuondoa magonjwa mengine, kwa kuwa ugonjwa huu hauna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi.

Uko hivi. Neva za mkono hutoka shingoni, zikapita katikati ya misuli ya shingo, kisha kwenye njia nyembamba kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Mishipa mikubwa ya damu ya mkono nayo hupita hapo chini ya mtulinga. Njia hiyo inaweza kubana kwa sababu ya ajali, mizigo ya begani, kazi za kuinua mikono muda mrefu, au kukaa umejikunja mbele ya kompyuta. Wengine wamezaliwa na ubavu wa ziada shingoni. Madaktari huuita thorasiki autileti sindromu. Kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, kinachobanwa ni neva. Wachache hubanwa mshipa wa damu, na hao msiwalaze nyumbani: mkono ukivimba ghafla na kucha zikawa za bluu, au ukawa wa baridi na kupauka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda damu imeganda.

Mimi sikupasuliwa. Nilifundishwa kupumua kwa tumbo, kunyoosha misuli ya shingo pole pole, na kuimarisha misuli ya nyuma ya mabega. Niliacha mkoba wa begani, nikaacha kulala mkono ukiwa juu ya kichwa. Wiki 6 za kwanza sikuona badiliko lolote, na nauli ilikuwa inanimaliza; nilibaki kidogo tu niache. Mwezi wa 4 nilimsuka binti yangu mistari mitatu bila kupumzika. Upasuaji upo, wa kuondoa ubavu wa kwanza, lakini ni kwa wale ambao mazoezi yameshindwa kuwasaidia au waliobanwa mshipa wa damu, tena kwa mkono wa daktari bingwa, maana pafu na neva viko hapo hapo. Sijapona kabisa. Nikiandika taarifa ya robo mwaka, ganzi hurudi, na ndiyo maana taarifa zangu siku hizi ni fupi. Mweka hazina ameshukuru.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mgonjwa wa namna hii akifika kwa daktari husema "mkono unauma", basi. Kabla hajaondoka, mwandikieni kwenye karatasi: ni vidole gani, ilianza lini, inazidi akifanya kazi gani, aliwahi kuanguka au kugongwa? Mimi sikuitaja ile ajali popote, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza na sikujua kwamba inahusika. Na kama kituo cha karibu hakina fiziotherapia, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali yenye idara hiyo, kama KCMC kule Moshi.

Mtaalamu wetu atabaki baada ya chakula. Wakati wa mapumziko mama mmoja amenifuata. Hubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni kila wiki, na vidole vyake ni vile vile viwili. Tutaanza naye.